Jina la Kozi Lije Baadaye. Kwanza Tuulize Nani Atasahihisha Insha za Vijana Wetu

Mhariri,

Katika toleo mojawapo la hivi karibuni mlichapa barua ya mama anayeishi hapa Marekani, ambaye binti yake anamaliza haiskuli na anataka kuwa wakili. Aliuliza binti achague kozi gani chuoni ili baadaye shule ya sheria impokee. Msomaji aliyemjibu alisema jambo liko wazi: anayetaka uwakili asome haki ya jinai (masomo ya uhalifu, polisi na magereza), na anayetaka uchungaji aende chuo cha Biblia. Jibu hilo nalisikia kanisani kwetu kila inapofika miezi ya kuomba vyuo, na wanaolitoa wana nia njema kabisa. Hata hivyo naomba nafasi nilipinge, kwa sababu vijana wengi wanaolifuata huja kukaa mbele yangu wakati wamebakiwa na muda mchache wa kurekebisha mambo.

Nafanya kazi katika kituo cha uandishi cha chuo kimoja hapa Louisville, Kentucky. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa mwalimu wa sekondari Kigoma. Mwanafunzi huja na rasimu yake, tunakaa meza moja, anaisoma kwa sauti, kisha tunaipitia sentensi kwa sentensi. Wengi wanaoomba shule ya sheria au seminari, yaani shule ya teolojia inayoandaa wachungaji na mapadre, hupita kwangu, kwa kuwa pande zote mbili hudai maelezo ya mwombaji kuhusu nafsi yake na nia yake. Katika maelezo hayo naona jinsi alivyotumia miaka yake ya chuo.

Kwa wasomaji walio nyumbani nieleze kwanza ngazi zilivyo. Huko kijana hutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusomea shahada ya sheria. Hapa sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Mtu hukaa chuoni kwa kawaida miaka minne, akasoma anachokitaka, ndipo anaomba shule ya sheria, anasoma miaka mitatu mingine, anapata shahada inayoitwa JD, kisha anakwenda kufanya mtihani wa uwakili wa jimbo lake. Seminari nazo zimepangwa vivyo hivyo. Shahada ya uchungaji, MDiv, kwa kawaida huchukua miaka mitatu kwa anayesoma muda wote, na madhehebu mengi ya zamani huitaka kabla ya kumwekea mtu mikono awe mchungaji. Kwa hiyo swali la mama yule ni zito: ile miaka minne ya kwanza ijazwe na nini?

Shule zenyewe zimekwisha kujibu, ila jibu lao halifiki kwetu. Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, ambacho baraza lake ndilo linalozipa shule za sheria ithibati (uthibitisho wa ubora wa masomo), kinasema waziwazi kwamba hakipendekezi kozi yoyote maalumu kwa anayejiandaa kusoma sheria. Kinachotaja ni uwezo: kusoma kwa makini, kuandika na kuhariri, kutafiti, kusema na kusikiliza, kutatua matatizo. Ukiwatazama majaji wa Mahakama ya Juu utaona jambo hilo. Roberts, Sotomayor, Kagan na Kavanaugh walisoma historia. Thomas na Barrett walisoma fasihi ya Kiingereza. Nasi tuna mazoea ya kuwaambia watoto wetu kwamba fasihi haina kazi.

Msimamo wangu ni huu: kijana achague kozi ambayo ndani yake atasoma maandishi magumu, ataandika mara kwa mara, na kuna mwalimu atakayemrudishia kazi ikiwa imejaa masahihisho na kumtaka aiandike upya. Jina la kozi lije baadaye.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale yanayomsubiri mbele. Tangu Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa shule ya sheria ya Harvard mwaka 1870, wanafunzi wa sheria wa nchi hii wamekuwa wakifundishwa kupitia hukumu za mahakama. Mwalimu hawasomei muhtasari wakaunakili. Huita jina na kuuliza: mambo yaliyotokea katika shauri hili ni yapi? Mahakama iliamua nini na kwa sababu ipi? Kama mdaiwa angeijua hatari mapema, uamuzi ungebadilika? Aliyeitwa lazima awe amezisoma kurasa zile usiku na kuzielewa kiasi cha kuzitetea. Halafu katika masomo mengi ya mwaka wa kwanza, kama mikataba, mali, jinai na madhara (kesi za mtu aliyedhuriwa kudai fidia), karibu alama yote hutokana na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula, unaosahihishwa bila jina la mwanafunzi. Hakuna wa kumhurumia kwa bidii yake. Wanasoma alichoandika tu.

Mwanafunzi wa seminari naye hukabidhiwa mistari michache ya Warumi na kuambiwa aandike ufafanuzi: kinasemwa nini, kwa nani, hoja inatoka wapi kwenda wapi, waliotangulia kuifafanua walitofautiana wapi. Kazi hizi mbili zinafanana kuliko tunavyodhani. Kila upande kuna maandishi ya zamani yenye mamlaka, kuna kisa kipya kilicholetwa leo, na kuna watu wanaosubiri waambiwe maandishi yale yanawahusu vipi. Mtu ambaye kwa miaka minne alikuwa akichagua jibu A, B, C au D kwenye kompyuta anafika hapo mikono mitupu.

Hata mtihani wa kuingilia shule ya sheria umeelekea huko. LSAT, unaotolewa alama kati ya 120 na 180, ulikuwa na sehemu ya mafumbo ya mpangilio: nani akae kando ya nani, basi lipi lipite kwanza. Sehemu hiyo iliondolewa Agosti 2024. Sasa sehemu zinazohesabiwa ni mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu wa kusoma, kila moja dakika 35. Yaani ni kusoma mwanzo hadi mwisho. Kijana anaweza kununua vitabu vya mazoezi na vinasaidia, lakini wasomaji wa kweli hawatengenezwi kwa miezi mitatu ya kiangazi.

Nirudi kwenye haki ya jinai. Ni kozi halali, na kwa anayetaka kazi ya polisi, magereza au uangalizi wa wafungwa walioachiliwa, ina maana kubwa. Kuna vyuo vinavyoifundisha vizuri, kwa insha na utafiti. Tatizo langu ni kwamba wazazi huichagua kwa sababu inanukia sheria, bila kuuliza mtoto ataandika kurasa ngapi kwa muhula. Nimekaa na kijana wa mwaka wa nne, mwenye alama nzuri, ambaye hajawahi kuandika kazi ndefu kuliko kurasa tano. Wiki ileile alikuja msichana wa bayolojia anayetaka sheria, akihofia kwamba amepotea njia. Ripoti zake za maabara zilikuwa maandalizi bora ya uandishi wa kisheria niliyoyaona mwaka ule: swali hili hapa, ushahidi huu, matokeo haya, na hapa ndipo ushahidi wangu unapokoma. Hakupamba wala hakupiga kelele. Nilimwambia aendelee na bayolojia yake. Isitoshe, anayetaka kuwa wakili wa hataza (haki za wavumbuzi) mbele ya ofisi ya serikali kuu anahitaji msingi wa sayansi au uhandisi, na mlango huo wanahistoria wengi hawaupati.

Upande wa seminari ndio unaoniuma zaidi, maana hapo jumuiya yetu inapoteza vijana waaminifu. Kijana akisema ameitwa, tunafurahi, tunamwekea mikono, tunachanga, tunampeleka chuo cha Biblia ambacho mtu fulani anakifahamu. Hatuulizi kama kina ithibati. Namfahamu kijana aliyemaliza miaka yake yote katika chuo kidogo cha namna hiyo katika jimbo jingine, sitakitaja. Alijifunza Biblia kwa kweli, na anahubiri vizuri. Alipoomba seminari aliambiwa shahada yake haitambuliki. Alipojaribu kuhamishia kozi zake chuo cha kawaida ili amalizie shahada, hawakuzipokea. Akaanza upya akiwa na mke na mtoto.

Ndugu zangu, cheti cha kusajiliwa na jimbo si ithibati. Majimbo mengine huviruhusu vyuo vya dini kutoa shahada bila kuvikagua kitaaluma. Ithibati hutolewa na taasisi inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani, na orodha ya vyuo vilivyoipata iko wazi mtandaoni, bure. Yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta kabla ya kulipa hata dola moja. Viko vyuo vya Biblia vyenye ithibati kamili, na shahada zao zinaheshimika. Seminari zilizo chini ya ATS, jumuiya inayozipa ithibati shule za teolojia za Marekani na Kanada, kwa kawaida hudai shahada ya kwanza inayotambuliwa, na nafasi wanazowapa wasio nayo ni chache. Hazidai iwe ya Biblia.

Kwa hiyo hata palipo na ithibati nauliza: kijana atakayesoma Agano la Kale na Agano Jipya kwa miaka mitatu seminarini, je, ni lazima asome utangulizi wa mambo yaleyale kwa miaka minne kabla yake? Wengine watafaidika. Wengi wangefaidika zaidi wakileta kitu ambacho seminari haina muda wa kuwapa. Anayetaka kutumikia Kanisa la Presbyterian la Marekani atatakiwa kusoma Kiebrania na Kigiriki. Aliyeanza Kigiriki chuoni akiwa na miaka 19 atapumua wakati wenzake wanahangaika na vitenzi. Mkatoliki anayefikiria upadre ajue kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 250, inataka muda unaolingana na miaka miwili kamili ya falsafa na minne ya teolojia, kwa hiyo falsafa aliyoisoma chuoni haitapotea. Halafu kuna mafunzo ya uchungaji hospitalini, yanayodaiwa na madhehebu mengi, ambayo kizio chake kimoja ni saa zisizopungua 400 za kukaa na wagonjwa, waliofiwa na wanaokufa, pamoja na kuandika na kukosolewa juu ya ulichowaambia. Hapo saikolojia na sosholojia zina kazi. Uuguzi pia, wauguzi walioingia uchungaji ni watu ninaowaheshimu sana.

Tazameni waliotutangulia. Martin Luther King alisoma sosholojia katika chuo cha Morehouse, akamaliza mwaka 1948, na kabla ya kuamua uchungaji aliwahi kufikiria udaktari na sheria. Teolojia aliisomea baadaye, seminari ya Crozer na Chuo Kikuu cha Boston. Kilichomkuta Morehouse ni walimu: Benjamin Mays, rais wa chuo, na George Kelsey, profesa wa dini, ambao walimwonyesha kijana mwenye mashaka kwamba mchungaji anaweza kuwa mtu wa akili na wa imani kwa pamoja. Thurgood Marshall, wakili Mwafrika wa Marekani ambaye mwaka 1960 aliwasaidia wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba pale Lancaster House, London, hakuanza chuo kwa kusoma sheria. Alitoka chuo cha Lincoln, Pennsylvania, alikokuwa kwenye timu ya midahalo. Sheria aliisoma Chuo Kikuu cha Howard chini ya Charles Hamilton Houston, na huyo Houston, kabla hajasomea sheria mwenyewe, alikuwa akifundisha Kiingereza chuoni. Nikimfikiria Marshall akiandikiwa masahihisho na mtu aliyewahi kufundisha Kiingereza, naelewa zile hoja zake zilizovunja ubaguzi wa shule mwaka 1954 zilitoka wapi.

Na yupo Pauli Murray, ambaye natamani kila binti wa Kiswahili katika nchi hii amjue. Alisoma Kiingereza chuo cha Hunter, akamaliza 1933. Akasoma sheria Howard, akaongoza darasa lake mwaka 1944 akiwa mwanamke pekee ndani yake. Akafundisha sheria Ghana. Kisha, akiwa na zaidi ya miaka 60, akaingia seminari, na mwaka 1977 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika wa Marekani kupewa upadre katika Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Shahada ile moja ya Kiingereza ilimfikisha kwenye milango yote miwili.

Kisa chake kinagusa jambo ambalo wazazi hatupendi kulisikia: watoto watabadili nia. Jaji Clarence Thomas alianza chuo katika seminari ya Kikatoliki kule Missouri akitaka upadre. Akatoka, akamalizia chuo cha Holy Cross, akaenda kusoma sheria Yale. Katika umri wa miaka 18 ni haki ya mtu kutojua. Anayesoma historia au falsafa akagundua kwamba uwakili haumfai anaweza kwenda ualimu, uandishi wa habari, kazi za serikali au seminari yenyewe. Wapo pia wanaotaka vyote viwili, na vyuo vikuu kama Emory na Vanderbilt vina mipango ya kusoma sheria na teolojia kwa pamoja.

Fedha nazo zisemwe. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mikopo ya serikali kuu kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Mwanafunzi wa shahada ya taaluma kama sheria hatakopa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka wala zaidi ya dola 200,000 kwa jumla, na mkopo ule wa zamani wa kujazia gharama zote umefutwa kwake. Mkopo wa mzazi kwa ajili ya mtoto wa shahada ya kwanza sasa una ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja. Kwa hiyo kila dola inayookolewa katika miaka minne ya kwanza ina uzito. Miaka miwili ya chuo cha jamii, kisha kuhamia chuo kikuu cha jimbo, haimwondolei mtu heshima. Na mchungaji anayeanza na deni la shahada ya kwanza hawezi kukubali kanisa dogo lililomwita, hata kama moyo wake uko huko.

Ila nitoe tahadhari kuhusu alama. LSAC, shirika linalosimamia LSAT, hukusanya transkripti zote (rekodi za alama za chuo) na kukokotoa upya wastani wa mwombaji, na humo huingiza hata kozi za chuo alizosoma akiwa bado haiskuli. Tunawasukuma watoto wachukue kozi hizo kwa sababu ni za bei nafuu au bure, nami naziunga mkono. Lakini alama ya C aliyoipata akiwa na miaka 16, wakati anafanya kazi za jioni ghalani, itamfuata hadi shule ya sheria. Achukue chache, azifanye vizuri.

Sasa kwa mama aliyeandika. Binti yako akienda kutembelea chuo, asiishie kuuliza kama kuna programu ya maandalizi ya sheria; mara nyingi huo ni mpango wa ushauri tu wala si shahada. Aende kwenye idara anayoipenda amuulize mwalimu: darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Tunaandika kazi ngapi kwa muhula, na ni nani anayezisoma, wewe au msaidizi? Naruhusiwa kuandika upya baada ya masahihisho? Kuna tasnifu mwaka wa mwisho? Maana shule za sheria huomba barua za mapendekezo, na seminari pia, na barua yenye nguvu hutoka kwa mtu aliyesoma maandishi ya mwanafunzi tangu yakiwa dhaifu hadi yalipokomaa. Profesa aliyemfundisha katika ukumbi wa watu mia tatu ataandika kwamba alipata A. Hilo liko tayari kwenye transkripti.

Na wewe mwenyewe, dada, kama bintiyo anapenda kemia, au anapenda mashairi, usimwambie aache ili awe wakili. Mwulize tu anaandika nini wiki hii, na mwalimu alisemaje juu ya ile ya wiki iliyopita.

Mhariri, nina ombi kwa gazeti. Kuna mawakili na wachungaji wengi wanaozungumza Kiswahili katika majimbo ya huku. Wapeni nafasi, kila toleo mmoja, waeleze walisoma nini katika shahada ya kwanza, ni mwalimu gani aliyewasahihisha, na walilipaje. Niko tayari kuwasaidia kuandika watakaosita.

Wako,
Mwalimu, kituo cha uandishi
Louisville, Kentucky